Dada Faraja Hasemi Sijui

Vibanda vya simu ya maombi vilipangwa ukumbini kama vyoo vya shule: mlango, ukuta mwembamba wa mbao, mlango mwingine, ukuta mwingine. Cha Mama Gololi kilikuwa cha pembeni kabisa, ambako zamani palikuwa na dirisha. Dirisha lenyewe lilizibwa kwa vipande vya godoro ili makelele ya barabarani yasiingie, na tangu lizibwe hapakuingia kitu kingine chochote, si hewa, si mwanga. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukipiga chafya, jirani anakuitikia afya.

Jirani yake alikuwa kijana mmoja mwenye sauti ya kubomoa nyumba, wakambandika jina la Spika. Huyo hata akimwombea mtu aliyepoteza funguo za kabati, alinguruma utadhani anasukuma gari lililokwama.

"Spika, punguza basi, kaka yangu," Mama Gololi alikuwa akigonga ukuta. "Mtu wangu anadhani mimi ndiye ninayenguruma."

"Najua Mungu si kiziwi," Spika anajibu. "Mtandao ndio kiziwi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wenye shida walipiga simu kanisani, nao vibandani wakapokea, wakawasikiliza kidogo, wakawasomea neno la faraja na kuwaombea. Neno halikutoka kichwani mwao. Kila mmoja alikuwa na kisanduku cha kadi: za kijani kwa wanaotafuta kazi, za waridi kwa ndoa, za manjano kwa wagonjwa, na nyeupe kwa waliofiwa. Unachomoa kadi, unaisoma taratibu kama vile imekujia moyoni sasa hivi. Wanaume wote waliitwa Kaka Amani na wanawake wote Dada Faraja, ili mtu akipiga tena asione kwamba amebadilishiwa mfariji. Na juu ya kila simu ilibandikwa sheria ambayo msimamizi wao aliirudia kila asubuhi, mkono kiunoni:

"Mtu anayezama humwambii ngoja nikafikirie. Unampa mkono. Dada Faraja hasemi sijui."

Msimamizi huyo alikuwa shangazi yake Mama Gololi, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Alikaa mwisho wa ukumbi nyuma ya kioo, na masikioni amevaa vile vidude vya kusikilizia, na aliweza kuingia katika mazungumzo yoyote bila kualikwa. Akiingia kwako, taa ndogo nyekundu inawaka kwenye simu yako. Basi hapo unakaa wima, na sauti inalainika yenyewe.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alimchukua akiwa bado anapangusiwa pua, akamsomesha alipoweza, na alipokuja kurudi nyumbani na tumbo, hakumsimanga. Baba yake Gololi alikuwa amekwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Gololi alipozaliwa, jicho duara na jeusi hivyo, shangazi ndiye aliyempa jina la utani lililoshinda lile la cheti. Kisha akamtafutia mama mtu kazi ya simu, akamlipia na masomo ya jioni, na jioni akabaki na mtoto wakati mama yuko darasani. Viatu, kitanda, kalamu, kila alichokuwa nacho Mama Gololi kilipitia mkononi mwa shangazi. Ni vigumu kumkasirikia mtu wa namna hiyo. Kumkatalia ndiyo usiseme.

Sasa matokeo yalikuwa yametoka, na Mama Gololi alikuwa amefaulu hata akajishangaa. Siku za kuchagua masomo ya chuo kikuu zilikuwa zinayoyoma. Ila shangazi alishamchagulia kitambo.

"Uongozi wa biashara," alisema, akiwa amempakata Gololi na kumkausha nywele. "Nimeshaongea na Mchungaji. Kanisa linakulipia, halafu unarudi kukaa pale kwenye kioo. Mimi hii miguu inavimba, mwanangu. Nikiondoka nimwachie nani? Spika?"

Wakacheka wote wawili. Mama Gololi alicheka kwa dhati, na katikati ya kicheko akajiona amezeeka nyuma ya kile kioo, masikio yamezibwa, anawasikiliza watu wakisoma kadi.

*

Simu ile iliingia muda wa joto, wakati vipande vya godoro dirishani vinapoanza kunuka.

"Simu ya maombi, hapa ni Dada Faraja, Bwana akubariki. Nikusaidie nini?"

Upande wa pili mtu alipumua tu. Kuku alilia kwa mbali.

"Ni wewe," sauti ya mwanamke ikasema. "Mwenye sauti kama ya mtu mwenye mafua. Ni wewe niliyeongea nawe wakati ule mwanangu yuko hospitali."

Mama Gololi alikumbuka. Mtoto wa kiume aliyevimba tumbo, na mama aliyekuwa akinong'ona kutoka kwenye korido, magurudumu ya vitanda yakipita nyuma yake. Siku hiyo alimchomolea kadi ya manjano: endelea kuamini, usiruhusu neno la kifo mahali alipo mgonjwa wako, na atakayelitamka umzuie, kwa maana shaka humfungulia adui mlango. Yule mama alirudia kila mstari, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Nakukumbuka, dada yangu. Anaendeleaje mtoto?"

"Amefariki."

Mkono wa Mama Gololi ulihama wenyewe kutoka kwenye kadi za manjano kwenda kwenye nyeupe.

"Usinisomee," yule mama akasema. "Naisikia hiyo karatasi. Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

"Nilifanya ulivyoniambia. Baba yake alikuja kumuaga, nikamzuia mlangoni, nikamwambia wewe huna imani, toka. Mama yangu akaanza kulia, nikamtoa na yeye. Tukabaki wawili, mimi na mwanangu, na imani yangu. Halafu asubuhi moja akaniangalia, akasema, 'Mama, nikifa...' Nikamziba mdomo. Kwa kiganja hiki hiki kilichoshika simu. Nikamwambia shh, mwanangu, hilo neno hatulisemi. Akanyamaza. Alikuwa mtoto msikivu yule. Hakusema tena kitu siku nzima, na jioni akaondoka."

Taa nyekundu iliwaka.

"Swali langu ni dogo tu," yule mama akaendelea, na sauti yake haikuwa na kilio, ilikuwa kavu kama mtu anayeulizia bei. "Ningemwacha amalizie, Mungu angekasirika?"

Kadi nyeupe ilikuwa mkononi. *Mungu huchuma kwanza maua yaliyo mazuri. Mpendwa wako yuko mahali pema. Usilie, kwani machozi ya kupita kiasi ni kumlaumu Aliyemchukua.* Mama Gololi aliipitishia macho. Alikuwa anauona mdomo wa Gololi asubuhi ile, umejaa mkate, unajaribu kusema na kutafuna kwa pamoja. Kiganja cha mtu mzima juu ya mdomo ule kingefunika uso mzima.

"Sijui," akasema.

Upande wa pili wa ukuta Spika alikuwa akiamuru jambo fulani liondoke. Akakatiza katikati.

"Hujui?" yule mama akauliza.

"Sijui, dada yangu."

"Siku ile ulijua," yule mama akasema. "Hukusita hata kidogo. Ulijuaje?"

Mama Gololi alizitazama kadi za manjano kisandukuni.

"Nitapiga tena," yule mama akasema. "Nikipiga, uwe umejua."

*

Nyuma ya kioo palikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, kifupi kuliko cha shangazi.

"Kaa," shangazi alisema. Alikuwa amevua vidude masikioni, vimemning'inia shingoni. "Umemwambia nini yule?"

"Ukweli, shangazi."

"Mtu amefiwa, unampa ukweli? Si bora ungempa maji ya kunywa!" Akapiga meza kwa kiganja. "Kadi zimewekwa kwa ajili gani? Kibanda chako kina kadi, na wewe una macho. Kusoma kumekushinda? Mtu niliyemlipia darasa la jioni!"

"Kadi ndiyo iliyomziba yule mtoto mdomo."

Shangazi akazipanga upya karatasi mezani.

"Nataka kumwona aliyeziandika," Mama Gololi akasema. "Si ni wale wachungaji wasomi? Basi hata mmoja. Nimuulize alizitoa wapi, ili yule mama akipiga nimwambie."

"Unaye hapa mbele yako."

Kwanza Mama Gololi alidhani ni mzaha. Shangazi alikuwa fundi wa mizaha ya uso mkavu. Lakini safari hii uso uliendelea kuwa mkavu.

"Simu zilipofunguliwa," shangazi akasema, "Mchungaji aliniambia, andika maneno ya faraja, nitayapitia. Akasafiri. Simu zikaanza kulia. Ningeziacha zilie? Kila anayepiga analia na mimi nimekodoa macho? Nikakaa hapa nikaandika. Mimi nimesoma wapi theolojia? Niliandika yale niliyoambiwa mimi."

"Uliambiwa lini?"

"Unajua lini."

Alijua. Kabla yake yeye kuletwa katika nyumba ile, palikuwa na mtoto wa kiume, binamu yake, ambaye hawakuwahi kumzungumzia. Kitanda alicholala Mama Gololi utotoni kilikuwa chake.

"La maua aliniambia jirani, msibani," shangazi akasema, akihesabu kwa vidole kama anayepanga mboga. "La kutolia aliniambia shemeji. Na hilo la kutotaja kifo, aliniambia mama mmoja mwombaji aliyekuwa anazunguka wodini. Nikashika. Hatukutaja. Na sisi hatukuagana." Sauti ikapanda. "Nimesimama juu ya maneno hayo miaka yote hii, unanisikia? Leo wewe unakuja kuyakanyaga, na viatu nilivyokununulia mimi!"

"Shangazi, sijasema ni uongo."

"Umesema hujui. Tofauti yake ni nini? Kama hayo maneno hayana kitu, basi mimi nilimfanya nini mwanangu? Haya, niambie. Wewe si ndiye unayetaka ukweli?"

Mama Gololi alitazama chini. Kulia kwake kulikuwa na kabati la mafaili, kushoto ukuta, mbele yake mtu aliyempenda kuliko wote baada ya Gololi, na huyo mtu alikuwa anangoja jibu. Kusema "sijui" kungekuwa kumchoma kisu. Kusema "ulifanya sawa" kungekuwa kadi nyingine, ila hii isiyo na rangi.

"Rudi kibandani," hatimaye shangazi akasema, akivaa tena vidude vyake. "Akipiga tena msomee. Ukishindwa, niachie laini."

*

Siku zilizofuata kila simu ilimshtua. Walipiga waliofukuzwa kazi, wake waliokimbiwa, mzee mmoja aliyetaka mbwa wa jirani aombewe ahame. Yule mama hakupiga. Na kila Mama Gololi alipochomoa kadi, aliiona kwa macho mengine. Zamani alizisoma kama mtu anayegawa dawa za daktari, halafu akaja kugundua kwamba daktari mwenyewe alikuwa mgonjwa kitanda cha pili.

Nyumbani shangazi hakugusia. Alikata mkate, akamwogesha Gololi, akauliza kama mvua itanyesha. Adabu ilijaa nyumbani hadi ikawa vigumu kupita.

Jioni moja shangazi alikuwa amejilaza, miguu juu ya mto, na Gololi akaja mbio kutoka uani huku anapiga kelele, "Mama! Mama, mi..."

"Shh," Mama Gololi akamwambia, kidole mdomoni, kama alivyofanya kila siku shangazi akipumzika.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Akasimama na macho yake duara, anangoja.

Mama yake akapiga magoti sakafuni. "Sema, mama. Sema ulichotaka kusema. Sema tu."

Gololi akafikiri. "Mkate," akasema.

*

Darasa la jioni lilikuwa la watoto wadogo mchana, kwa hiyo watu wazima walikaa na magoti yamegusana na videvu. Siku ya kujaza machaguo Mwalimu alileta kompyuta yake, akawaita mmoja mmoja mezani, na wengine wakasikiliza bila aibu.

"Wewe nina raha na wewe," Mwalimu akamwambia Mama Gololi. "Hesabu umepata alama za kujidai. Chaguo la kwanza tunaandika uongozi wa biashara, sivyo?"

"Theolojia."

Mwalimu akatoa vidole kwenye kompyuta. "Unataka kuwa mchungaji?"

"Hapana, mwalimu."

"Mtawa?"

"Mwalimu, nina mtoto."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akamwangalia vizuri. "Sasa dada yangu, na hesabu zote hizi, ukasome habari za Mungu! Mungu ana ajira huyo?"

"Ajira anayo," akasema fundi seremala mmoja kutoka nyuma, "mshahara ndio unapokelewa mbinguni."

"Nyamazeni. Nipe sababu moja tu, nisije nikaulizwa kwamba nilikuacha ukapotea."

Mama Gololi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na sasa aliyoyapanga yote yakamkimbia. Akasema lililobaki.

"Kuna mama aliniuliza kitu. Nilikuwa nimeshamjibu zamani, kabla hata sijakifikiria. Nikiwa kazini najibu mambo makubwa, mwalimu. Kwa nini watoto wanakufa. Mungu anasikia au hasikii. Najibu mchana kutwa, halafu naenda kununua sabuni. Si mimi wa kwanza kuulizwa hayo, au siyo? Lazima kuna watu walikaa nayo maisha yao yote, wakabishana, wakakosana, wakaandika vitabu. Mimi nina kisanduku. Nataka niwasikie wale waliobishana."

"Na ukifika huko wakakwambia na wao hawajui?"

"Watakuwa hawajui baada ya kutafuta. Mimi sijui kabla ya kutafuta. Haiwezi kuwa sawa."

Hakuna aliyecheka. Fundi seremala alikuwa anajikuna kidevu.

"Kanisa litalipia hiyo?"

"Hiyo hapana. Nitatafuta mkopo wa serikali, nitafanya kazi mchana. Nitaona."

"Na shangazi yako anajua?"

"Bado."

"Toba!" Mwalimu akamsogezea kompyuta. "Basi bonyeza mwenyewe. Namheshimu shangazi yako, mkono wangu usiwemo."

Akabonyeza. Alitarajia kujisikia mwepesi. Badala yake alitoka nje akakuta giza linaingia, akasimama kwenye ngazi ya shule, na hakujua awahi nyumbani au achelewe.

*

Shangazi alikuwa anakunja nguo za Gololi. Mtoto alikuwa ameshalala kochini, mdomo wazi.

"Shangazi, nimechagua."

"Biashara."

"Theolojia."

Shangazi akaendelea kukunja. Alikunja gauni moja, akalifungua, akalikunja upya.

"Kanisa halitalipa."

"Najua, shangazi."

"Unangoja nikufukuze?" Shangazi hakuinua macho. "Sikufukuzi. Ungependa nikufukuze, maana ungeondoka hapa mwepesi, umeonewa. Sikufukuzi ng'o. Utakwenda huko, na kila siku utarudi humu humu, utakula kwangu, na mtoto nitakulelea. Ila nakwambia kitu kimoja. Siku utakapokisoma hicho kitabu kinachosema mimi nilimkosea mwanangu, hutaniambia. Nakujua, nimekulea. Utaninyamazia kwa adabu. Utaniandalia chai huku umeninyamazia. Na mimi nitajua."

Mama Gololi alitaka kusema halipo jambo kama hilo. Lakini hilo nalo hakulijua. Akachukua rundo la nguo, akalipeleka chumbani, akasimama katikati ya chumba akilishika, maana hakukumbuka nguo zinawekwa wapi. Alikuwa ametafuta mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa unafungukia kwenye chumba kile kile.

*

Yule mama alipiga asubuhi yenye mvua, Mama Gololi akiwa hata hajamaliza kukaa. Alimtambua kwa kuku kabla hajasema.

"Umejua?"

Taa nyekundu ikawaka hapo hapo, kama iliyokuwa imevizia.

"Bado, dada yangu. Nimechagua kwenda kusoma. Theolojia, chuo kikuu."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Na yangu." Akaitazama taa. "Na ya mtu mwingine ninayempenda."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Mingi kidogo."

Yule mama akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Miaka. Haya, wewe nenda na miaka yako. Na mimi leo nifanye nini? Leo, jua likizama, nikiangalia kile kitanda?"

Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alikuwa amelibeba swali la mwanamke huyu darasani, akajaza fomu nalo, akalijengea safari nzima, na mwenye swali akamwacha pale pale ameketi. Kadi zilikuwa kisandukuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Shangazi alikuwa anasikiliza, na wakati wowote angechukua laini.

"Alisema 'Mama, nikifa,'" Mama Gololi akaanza, taratibu, akiogopa kila neno. "Wewe ndiye uliyemjua. Unadhani angemalizia vipi?"

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu. Alidhani ameharibu kila kitu. Aliitazama taa, akangoja laini ikatike.

"Kuku," yule mama akasema.

"Abee?"

"Ana kuku wake. Alimlea tangu kifaranga, alimpenda kuliko sisi. Angesema..." Kuku alilia tena. "Angesema, 'Mama, nikifa msimchinje kuku wangu.' Wallahi angesema hivyo. Alikuwa hatuamini kabisa na yule kuku."

"Na yupo? Ndiye ninayemsikia?"

"Yupo huyu! Anaingia mpaka jikoni, hana adabu, hatagi, ananichafulia kila kitu, na siwezi..." Na hapo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kisha kicheko kikaisha, kikabaki kilio peke yake. Kilikuwa kikubwa, kilio cha mtu ambaye alikatazwa kwa muda mrefu.

Kadi nyeupe ilisema asilie. Mama Gololi aliigeuza ikalala kifudifudi, akamwacha alie. Hakuomba, hakusoma kitu. Alikuwa anasikiliza tu, akisema "naam" kila mara ili yule mama ajue hayuko peke yake. Spika hakunguruma. Taa haikuzimika, na laini haikukatwa. Na kwa chini kabisa, chini ya mvua na chini ya kilio, Mama Gololi alisikia pumzi nyingine kwenye simu, nzito, ya mtu anayejizuia.

"Nitapiga tena," yule mama akasema mwishoni, akivuta kamasi. "Hata kama bado hujajua."

"Piga, dada yangu."

Taa ikazimika. Muda mfupi baadaye mlango wa kibanda ulifunguliwa, na hewa ya ukumbini ikaingia. Shangazi alisimama kizingitini, mkono mmoja ameushika mwimo kwa ajili ya ile miguu. Macho yalikuwa mekundu na uso mkali kama kawaida.

"Huko chuoni," akasema, "mwanafunzi anaruhusiwa kuja na swali lake, au ni kujibu ya walimu tu?"

"Nitauliza, shangazi."

"Ukiwapelekea la mtu mwingine je?"

"Nitalipeleka."

Shangazi akamtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kama kitatosha. "Basi na mimi ninalo," akasema. "Si la kusoma kwenye kadi. Sikiliza..."

Simu ikalia. Wote wawili wakaitazama.

"Pokea kwanza," shangazi akasema, lakini mlangoni hakuondoka.